Kilima Kisichoalikwa

Pale maabara ya kemia walimwita Kioo, kwa sababu hakuwahi kuona kitu bila kukipindua kichwani kwanza: mlango, kiti, hata kipara cha mjomba wake. Na mjomba mwenyewe ndiye Profesa aliyemsimamia. Kwa kuogopa kuambiwa anapendelea ndugu, alimkamua mpwa wake kuliko wanafunzi wote.

Asubuhi ile Profesa aliingia na grafu mkononi, uso umemkunjamana.

"Uliniambia klorini zako mbili zinatazamana, metali iko katikati. Mbona kipimo cha infraredi kimechora vilima viwili, kikubwa na kidogo, badala ya kimoja? Hizi zimekaa ubavu kwa ubavu. Umetengeneza kitu kingine, mwanangu, na kazi ya mwaka mzima imekwenda na maji. Ripoti hii siisaini."

Kioo hakutetereka. Alikwenda ubaoni, akachora molekuli yake, akaipindua kupitia kitovu chake. Kila klorini ikaangukia mahali pa mwenzake. Klorini zikivutika nje kwa pamoja, mtetemo unabaki vilevile hata ukipinduliwa, basi huo huonekana kwa Raman, kipimo cha mwanga unaotawanywa. Moja ikisogelea metali na nyingine ikikimbia, mtetemo unageuka kinyume, na huo huonekana kwa infraredi, kipimo cha mwanga unaomezwa. Hakuna unaoonekana kote kuwili. Nadharia ya makundi, hesabu ya ulinganifu, haina upendeleo, na Kioo aliipendea hilo.

"Hayo nayajua tangu hujazaliwa," alisema Profesa. "Ndiyo maana hiki kilima kidogo kinakuumbua."

"Hesabu hii ni ya molekuli iliyo peke yake, Profesa. Sisi tumepima unga. Ndani ya fuwele, zile punje za unga, molekuli imebanwa na majirani, kama mtu kwenye benchi lililojaa, bega moja juu. Ulinganifu umeharibika kidogo, na mtetemo wa Raman umejipenyeza kwenye infraredi. Tuuyeyushe unga kwenye kimiminika, kila molekuli ibaki peke yake, na kilima kitaondoka."

"Kisipoondoka?"

"Nitaanza upya, na sitakuja kukulilia."

Unga wenyewe ulibaki wa kufunika ukucha tu. Fundi wa mashine, mama asiyependa maneno mengi, alimtazama Profesa. Profesa akaitikia kwa kichwa. Unga ukayeyuka wote. Kioo aliinamia mashine, si kwa shaka bali kwa hamu ya kuona.

Mashine ilichora taratibu. Kilima kikubwa kikapanda mahali pake. Pale pa kile kidogo, mstari ukapita umelala. Wakahamia kwenye Raman, na huko kikasimama kimoja tu, kile kile kilichofukuzwa.

"Haya," alisema fundi, akaenda zake kunywa chai.

Profesa aliisoma grafu mpya mara mbili, akitafuta kasoro kwa bidii zote, kisha akavuta ripoti na kuisaini. Alipomrudishia mpwa wake hakumtazama usoni.

"Nyumbani usimwambie mama yako nimekupitisha," alisema. "Mwambie umenishinda."