Kichwa cha Mtangazaji

Saluni ile ilikuwa na wasusi wawili, wote watoto wa mama mmoja. Mdogo aliitwa Chiriku, na aliyempa jina hilo hakukosea, maana mdomo wake uliamka kabla yake na kulala baada yake. Mkubwa wateja walimwita Taratibu. Huyu aliongea kwa vipande, na kila kipande alikitafuna kwanza kabla ya kukitoa.

Sifa yao mtaani ilikuwa moja: walisuka kichwa kimoja kwa mikono minne. Mteja aliketi katikati ya chumba, dada mmoja kulia, mwingine kushoto, wakaanzia juu ya masikio na kupanda msuko baada ya msuko mpaka wakakutana utosini. Kazi ya nusu siku ilikwisha mteja akiwa bado hajamaliza kusimulia ugomvi wake na wifi yake. Ila ili misuko ifanane, ilibidi mmoja atamke mtindo kabla ya kuanza. Aliyetamka siku zote alikuwa Chiriku.

"Dada, yote inanyooka kwenda kisogoni, myembamba!"

"Haya," aliitikia Taratibu, akafuata.

Basi nchi ikaingiwa na kura ya maoni. Tutoke kwenye Umoja wa nchi jirani, au tubaki? Watu waliokuwa wakisalimiana vizuri tu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alibandika "TUTOKE" mlangoni, mkewe akabandika "TUBAKI" dirishani, na wateja wao hawakujua waingilie wapi.

Chiriku alikuwa wa Tubaki, tena wa kelele. "Hizi nywele bandia zinatoka wapi? Kwa jirani! Zinapita mpakani bila ushuru. Tukitoka tutasuka nini, manyasi?"

Alitarajia dada yake aseme "Haya". Badala yake Taratibu aliweka kitana chini.

"Mimi ni wa Tutoke."

Chiriku alidhani ni utani, akacheka. Alicheka peke yake.

"Watu wamekaa huko mbali," alisema Taratibu, "hawajawahi kuosha hata kichwa kimoja, wametuletea amri beseni la saluni liwe na kina gani. Beseni! Nani alikuja hapa kuniuliza kuhusu beseni?"

"Sasa dada, kwa ajili ya beseni unataka kuvunja Umoja?"

"Siyo beseni. Ni kuulizwa."

Kuanzia hapo hapakukalika. Asubuhi walibishana kuhusu soko, mchana kuhusu mipaka, jioni kuhusu nani kaanza kumpandishia mwenzake sauti. Wateja walijifunza kuingia na jibu la kukwepa: "Mimi jamani nimekuja kuosha tu." Kisha siku moja, katikati ya ubishi, Taratibu akasema kwa sauti yake ileile ya kupima kwamba amepata chumba kando ya duka la vitambaa. Ataanza kazi zake huko. Kesho kutwa asubuhi anakuja kuchukua kiti chake.

Chiriku alimgeukia. Alitaka kusema, "Dada, usiende, nitafanyaje mimi bila wewe?" Lakini ulimi wa mazoea ukamtangulia. "Nenda! Tuone utasuka na nani!" Akampa kisogo ili machozi yasionekane, na wakanuniana tangu hapo.

Kesho yake, wakiwa hawajatupiana hata salamu, akaingia mtangazaji wa televisheni. Ndiye aliyekuwa aendeshe mdahalo mkubwa wa jioni hiyo, Tutoke upande mmoja, Tubaki upande wa pili, na yeye katikati, mtu asiyetakiwa kuegemea popote. Alikuwa na kabrasha la maswali mkononi na haraka usoni.

"Nisukeni vizuri, nchi nzima itanitazama. Gari litanifuata baadaye kidogo. Mtindo nawaachia nyinyi wataalamu."

Akaketi, akainamisha kichwa kwenye maswali yake, na tangu hapo ukawa unamwona kisogo tu. Chiriku akashika kulia. Taratibu akashika kushoto.

Hapa ndipo mtu alitakiwa kutamka mtindo.

Chiriku alijipigia hesabu. Akisema yeye kwanza, itakuwa amejishusha. Alikohoa. Taratibu naye alikohoa. Mtangazaji akawauliza kama kuna vumbi. Basi Chiriku akaanza kusuka kama kawaida yake, misuko ya kunyooka, akijua fika dada yake atafuata. Angefuata nini kingine? Alifuata miaka yote.

Walipofika katikati ya njia, Chiriku alinyoosha shingo kidogo kuchungulia ng'ambo. Misuko ya Taratibu ilikuwa inapinda! Ilizunguka sikio, ikapanda kwa mkunjo, ikashuka shingoni kwa madaha. Ulikuwa mtindo ambao Chiriku hakuwahi kuuona kwenye mikono ile, na ubaya wake ni kwamba ulikuwa mzuri.

Akamtazama dada yake. Dada yake naye alikuwa ameuona upande wa pili, na akamtazama vilevile. Neno moja tu, hata "ee!", lingetosha wafumue na kuanza upya. Lakini wa kufungua mdomo kwanza angekuwa ameshindwa. Ndugu hawa wawili, watu wazima, wenye kazi ya kuheshimika, wakaendelea kusuka. Tena Chiriku alizidi kunyoosha, na Taratibu akazidi kupinda.

Honi ikalia nje. Mtangazaji akainuka, akageukia kioo.

Kwanza alitazama kulia. Kisha kushoto. Kisha akatazama katikati, mahali misuko ilipokutana kama majirani wasioelewana.

"Jamani," alisema, "ninyi wawili mnafahamiana?"

Honi ikalia tena. "Nikifukuzwa kazi," alisema akikusanya kabrasha lake, "nitakuja kuishi hapahapa." Akatoka mbio. Taratibu alivaa viatu vyake, akabeba mkoba, akaondoka bila kuaga, na Chiriku akabaki akifagia sakafu iliyokuwa safi.

Jioni aliketi mbele ya televisheni na mama yao, ambaye tangu kampeni zianze alikuwa na jibu moja kwa watoto wake wote wawili: kura ni siri. Mdahalo ukafunguliwa. Mtangazaji akatokea katikati ya meza, na mama akasogea karibu na kioo.

"Hicho kichwa mmekisuka ninyi?"

"Sisi."

"Mkiwa mmelala?"

Kwenye meza, mzee wa Tutoke alikuwa ameketi upande wa misuko iliyonyooka, na mama wa Tubaki upande wa misuko iliyopinda. Walianza vizuri, ushuru, ajira, mipaka. Ghafla mzee wa Tutoke akanyoosha kidole.

"Mwendesha mdahalo ana upendeleo! Wenzetu amewaonyesha upande wenye maua, sisi katuonyesha huu kama uzio!"

"Hata!" alifoka mama wa Tubaki. "Ninyi ndio mmeonyeshwa njia iliyonyooka! Sisi tumeonyeshwa kona! Hiyo ni lugha ya picha!"

Mtangazaji aliweka kalamu mezani.

"Waheshimiwa, hiki ni kichwa, siyo sera. Wasusi wangu ni ndugu na hawaongei. Leo asubuhi nilikaa katikati yao bila kujua kinachoendelea juu yangu. Wananchi mnaotutazama, nadhani mnanielewa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama yao alicheka mpaka akashika mbavu. Chiriku naye alianza kucheka, akageuka pembeni kama alivyozoea ili acheke na dada yake, akakuta mto wa kochi. Kicheko kikamfia hapo. Alijua kesho asubuhi dada yake anakuja kuchukua kiti.

Asubuhi alipofika saluni alikuta foleni. Wanawake walijaa kibarazani, wengine na watoto mgongoni, wote wakitaka kitu kimoja. "Tunataka ule wa mtangazaji! Ule wa pande mbili!" Mke wa fundi viatu ndiye aliyekuwa wa kwanza. Alisema na mumewe ameukubali, na ni mara yao ya kwanza kukubaliana tangu kampeni zianze.

Chiriku alimkalisha kitini akijipa moyo. Upande wa kulia ulikwenda wenyewe. Akahamia kushoto, akapasua njia ya kupinda, akaanza. Vidole vikanyoosha. Akafumua. Akaanza tena kwa kupinda, vidole vikanyoosha tena. Vilikuwa vidole visivyowahi kujua njia nyingine.

"Huu siyo," alisema mke wa fundi viatu kwenye kioo. "Ule unafanya hivi." Akachora hewani kwa kidole.

"Najua unavyofanya, mama! Tulia!"

Mlango ukafunguliwa, akaingia Taratibu. Aliipita foleni, akakiendea kiti chake kilichokuwa kona, akakiinua kwa mikono miwili. Alipogeuka, macho yake yakatua kwenye kile kichwa, upande wa kushoto, kwenye ile misuko ya aibu.

"Hiyo nini?"

"Nimeshindwa," alisema Chiriku.

Hakuwahi kulitamka neno hilo ndani ya chumba kile. Lilipotoka alijihisi mwepesi, na mengine yakafuata bila kupangwa. "Nimeshindwa, dada. Sijui kupinda. Usiondoke. Nakuomba, nitafanyaje mimi bila wewe?"

Taratibu alibaki na kiti mikononi. Alikuwa anatafuna kipande. Chiriku alitaka kuendelea, kuahidi, kupanga, kueleza nani atasimama wapi na wataanza vipi, na mdomo ulikwisha kufunguka. Akaufunga. Ilimgharimu. Kisha akauliza swali ambalo, alipolifikiria, hakukumbuka kuliuliza hata siku moja.

"Unataka kusimama upande gani?"

Taratibu hakutafuna hata kidogo.

"Kulia."

Akakiweka kiti chini, akazunguka, akasimama mahali pa Chiriku, mgongo ukiwa ukutani na uso ukiwa kwenye dirisha. Chiriku akaenda kushoto. Jua la asubuhi likampiga kisogoni kupitia kioo cha dirisha, kali, na hakuwa na pa kulikwepea. Akainua macho. Kumbe kutoka upande huu barabara haionekani. Unaonekana ukuta, na ukuta ule ulikuwa umejaa karatasi zilizoandikwa kwa wino mwekundu. REDIO ISIGUSWE. DIRISHA LISIFUNGULIWE BILA RUHUSA. MTINDO HAUBADILISHWI NJIANI. Kila moja iliishia na neno UONGOZI, na uongozi ulikuwa yeye. Alizibandika moja moja bila kufikiri, na dada yake alizisoma zote, kila siku, jua likimchoma mgongoni.

"Kumbe fundi viatu ana kipara," alisema Taratibu, akitazama nje kwa furaha ya mtu aliyefika ugenini.

"Tangu zamani," alisema mkewe kutoka kitini.

"Dada," alisema Chiriku, "kesho utakuja?"

"Sijui. Kura yangu ni ileile, usije ukadhani nimebadilika."

"Piga unavyotaka. Nimekuuliza kuhusu kesho."

Kwa ruhusa ya mke wa fundi viatu, Taratibu alifumua misuko ya kulia iliyonyooka, akapasua njia ya kwanza, akapinda kuzunguka sikio. Akamwonyesha mdogo wake kwa kidole mahali pa kuanzia, polepole, maana upande wa pili sasa ungelazimika kufuata.

"Haya," alisema Chiriku.

Akanyoosha mkono nyuma ya bega la dada yake, akaibandua karatasi ya redio.