Mzaha Kibandani kwa Fundi Viatu

"Kisigino kipandishe kidogo," shemeji alisema, mguu mmoja kiatuni, mwingine na soksi. "Mkubwa hatembei kama bata."

Fundi viatu alikuwa amebana misumari midomoni, akaendelea kugonga kisigino cha kiatu cha pili. Kibanda kilijaa watu, maana umbea wa mji wote ulipita hapo kwanza. Leo hata mama muuza mkaa, ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikuwa benchini akitega sikio.

Tangu enzi za mababu, wenyeji wale hawakuwa na mkubwa. Koo zilipokezana kiti cha baraza, mavuno kwa mavuno, na aliyekikalia alifungua kikao na kuwatuliza wapayukaji, basi. Mwaka jana akaja bwana wa serikali, akauliza nani anawatawala. Fundi ndiye aliyejua lugha ya wakubwa. Angeeleza, lakini maelezo yalikuwa marefu, jua kali, na shemeji yake, mwenye zamu, kajivimbisha pale mbele kama chura. Utani ukamwasha ulimi.

"Mfalme wetu huyu hapa."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Bwana hakucheka. Haukupita muda, muhuri wa utawala ukaletwa kwa jina la shemeji.

Sasa mavuno mengine yalikuwa ghalani, na wazee walimwambia fundi kwamba aliyefunga ndiye afungue.

Akatema misumari kiganjani. "Shemeji, zamu ni ya ukoo wa wafinyanzi. Rudisha muhuri."

"Serikali haijui zamu. Inanijua mimi."

"Nilikutania tu."

"Najua." Shemeji alikitazama kiatu, si uso wa fundi. "Tangu nimuoe dada yako mnanicheka. Yule bwana ndiye wa kwanza kunitazama bila kucheka."

Fundi alizoea kumchokoza, kama ilivyo ada ya mashemeji. Siku zote alimrushia kiatu chake kikiisha. Leo alijikuta amepiga goti, anamvalisha.

Shemeji akainuka, akajaribu kisigino, akaelekea mlangoni. Mama muuza mkaa, aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, aliondoka haraka kwenye benchi kumpisha.

"Shikamoo, mkubwa," akasema.

Shemeji alisita kizingitini. Kibanda kizima kilimtazama, kikingoja aone haya.

"Marahaba," akaitika.

Alitoka bila kugeuka. Mama aliendelea kusimama, benchi tupu nyuma yake, na hakuna aliyemwambia akae.