Abiria wa Solène

Baiskeli zilitoka mjini Beaune baada ya kifungua kinywa, mwendo wa pole, watalii wakisimama kila penye kivuli wapige picha. Kiongozi wao, Solène, alikuwa mbele. Walipofika kwenye mizabibu ya Bwana Mercadier, Aubin, mdogo wake Solène aliyekufa mwaka juzi, alitoka kati ya mistari na mkasi wake mkononi, akakaa kwenye keria ya baiskeli ya dada yake. Gurudumu la nyuma likabonyea.

"Umechelewa, dada. Maji yako wapi?"

Akamaliza chupa ya Solène, kisha za watalii. Mama mmoja wa Lyon alimpa yake bila kuombwa.

"Kunywa, mwanangu. Jua hili si mchezo."

Mwaka juzi Aubin alianguka akivuna, adhuhuri, katika joto lililofanya hata mbwa wa Mercadier wafungiwe ndani. Mercadier aliwaambia polisi kwamba kijana alikuwa ameshaacha kazi. Uongo mtupu, na ulimuuma Solène kuliko msiba wenyewe. Siku ya kufunga mavuno, kila aliyevuna huketi mezani kwa mwenye shamba. Sahani moja tu ya Aubin ingekuwa kukiri mbele ya watu kwamba alifia kazini.

Siku yenyewe ilikuwa hiyo. Watalii walipewa mikasi, kila mmoja akakata kishada kimoja, wakaitwa mezani. Aubin alivuna mstari mzima, akawafuata akijifuta jasho.

"Karibuni, wavunaji wangu!" alisema Mercadier. Akamwona Aubin. "Na wewe, hujambo?"

"Kiu tu, bwana."

"Mwekee sahani," alisema Solène.

"Usinianze, Solène. Mdogo wako nampenda, lakini kazi aliacha."

"Aliacha? Alikata roho na mkasi mkononi! Si huo hapo?"

Mercadier aliutazama.

"Kumbe anao yeye! Nimeutafuta sana." Akauchukua, akautia mfukoni, kisha akafungua chupa. "Hii ni ya mwaka juzi. Jua lile liliupa mvinyo utamu wa ajabu."

Watalii walionja. Mama wa Lyon alisema ni mtamu kweli, akaagiza kasha zima. Aubin alisimama nyuma ya viti mpaka jibini ya kufunga mlo ikaliwa.

Jioni alipanda tena keria, mikono mitupu. Kutoka pale hadi Beaune ni mteremko, lakini Solène alikanyaga pedali njia nzima.