Jina la Dude la Mlangoni

Jumapili mchana, duka la dobi likiwa limefungwa na pasi ya mvuke imeshapoa, Dobi aliifuta meza ya kunyooshea nguo, akaitandika shuka ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, akaweka dadu katikati. Mdogo wake, msusi, alileta biskuti. Dereva wa gari la wagonjwa alikuja na sare yake mwilini, kwa kuwa zamu yake ilianza jioni.

Watatu hao walikuwa na mchezo wao. Dobi ndiye aliyekuwa msimulizi: aliubuni ulimwengu mzima, milima yake, miungu yake na madude yake, na wenzake walijifanya wasafiri ndani yake. Msusi alikuwa mwindaji mwenye upinde. Dereva alikuwa mchawi mkongwe aliyeogopa farasi. Kila walipotaka kuthubutu jambo, walirusha dadu, na dadu ndizo zilizokata shauri.

Katika yote hayo, Dobi alipenda zaidi kutoa majina, na hakuyatoa ovyo. Miungu aliipa majina laini, yaliyojaa a na o na u, kwa sababu, alisema, mungu huitwa na mtu anayelia. Mungu wa mvua ya mawe alikuwa Oaleu. Mungu wa njia panda, Iyaumea. Madude aliyapa majina mafupi yenye kishindo, kwa sababu dude hutajwa na mtu anayekimbia, na mtu huyo hana pumzi ya kuchezea. Majina yalimjia akinyoosha kola za mashati ya watu, na hayakuwahi kumwishia.

Jumapili ile yakamwishia. Wasafiri walikuwa wamevuka kinamasi, wakakuta nyumba nzuri, na mlangoni pa nyumba limeketi dude. Nyumba si yake. Halipigani, halisemi, haliondoki.

"Linaitwaje?" Dereva akauliza, maana mchawi wake hakuweza kuroga kitu asichokijua jina.

Dobi alikuwa bado analitafuta. Msusi, macho yake kwenye biskuti, akalitaja jina la baba yao mdogo.

Jina hilo halitaandikwa hapa. Mwenyewe siku hizi ana shughuli nyingi, na kila akitajwa inambidi aje.

Dereva aliijua habari yenyewe, kama mtaa mzima ulivyoijua. Baba yao alipofariki, mdogo wake alikuja kukaa nao siku chache, awaliwaze. Akalala sebuleni, kisha chumbani, kisha akamleta mkewe. Mjane na mabinti zake wakaombwa wasogee vyumba vya uani kwa muda. Muda huo ulikuwa bado haujaisha. Mtu aliyejaribu kuuliza aliambiwa jina la baba mdogo, basi, akanyamaza, kwa sababu jina lile lilikuwa limewahi kufunga vibanda vya watu na kuwahamisha wengine kazi. Mama yao hakulitamka kabisa. Alisema "yule," na hata akisema hivyo mikono ilimtetemeka, chumvi ikazidi kwenye chungu.

"Tunarusha au haturushi?" Msusi akauliza.

Kanuni ya mchezo ilikuwa moja: jina likishatajwa na dadu zikarushwa, halifutwi. Dereva akarusha.

Kesho yake, Mama Mdogo alipakua chakula, akasimama barazani, akamwita mumewe kwa jina. Kwenye mtaro wa maji machafu likatoka dude, refu kama kabati, ngozi yake kama sponji iliyolowa, vidole vya chura. Likajifuta miguu kwenye zulia la mlangoni.

"Nimeitwa," likasema.

"Nimemwita mume wangu."

"Jina ni langu, mama."

Mama Mdogo akalitazama, akatazama sahani. Chakula kikipoa hakirudii utamu wake. Akalikaribisha, likala, likashukuru, likaosha sahani. Lilikuwa na adabu sana, kwa kuwa Dobi alikuwa bado hajalipangia tabia, na kisichopangiwa tabia huwa chema.

Baba Mdogo alirudi akaukuta ukoko.

Kuanzia hapo mambo yakaenda hivyo. Mtu akimtaja, dude linafika. Ofisini kwa rafiki zake walipotaka kumsifia kikaoni, lilitokea nyuma ya pazia likauliza lisaidie nini, likapewa viti vya kupanga. Mwenye bucha alitishiwa kwamba atasemewa kwa mkubwa huyo. Mkubwa akaja, akamsaidia kushusha mzigo wa nyama, akajipaka damu mpaka mabegani, akaaga. Mwenye bucha hakutishika tena. Baada ya muda hata watishaji wenyewe waliacha, maana ni kazi bure kumtisha mtu kwa jina ambalo likifika linauliza ndoo iko wapi.

Mama alizisikia habari hizo. Alikuwa na kabati lake la nguo lililosimama chini ya bati linalovuja, na mabinti walikuwa kazini, na wingu lilikuwa limeshatanda. Akasimama mlangoni. Kwanza alilisema jina lile kwa sauti ya mtu anayejisemea. Kisha akalisema sawasawa.

Dude likaja. Wakalisogeza kabati, yeye huku, dude kule, mpaka ukuta wa pili. Mama akalipatia kigoda na beseni la maji la kutia miguu, kwa kuwa lilionekana limechoka na lilikuwa mgeni.

Dobi aliporudi jioni aliwakuta wanakunywa chai. Mama alilitaja jina lile tena na tena, wala hapakuwa na haja, kwani mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake. Alisema, fulani, nipe kijiko. Fulani, sogea kidogo, unanizibia mwanga. Mikono yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayechagua mchele.

"Mwanangu," alimwambia Dobi, "kumbe ni jina tu."

Akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

Baba Mdogo alikwenda dukani kwa Dobi siku ya kazi, wateja wakiwepo. Alikuwa amekonda kidogo. Akangoja zamu yake kama watu wengine, jambo ambalo hakuwa amelizoea, kwa sababu hapakuwa na namna ya kumwita apite mbele.

"Nirudishie jina langu," akasema.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Nirudishie."

Dobi akageuza shati, akalipiga pasi mgongoni. "Kufutwa halifutwi. Ila kubadilishana kunaruhusiwa. Dude lilipewa jina hilo kwa sababu lilikaa mlangoni pa nyumba isiyo yake. Mama akirudi nyumba ya mbele, dude halina mlango wa kukaa. Jina litakuwa huru, utalichukua."

Baba Mdogo akafikiri. Alifikiri kwa haki, uso ukionyesha kila kitu, kama mtu anayepima vitambaa viwili. Wateja nao wakangoja. Mmoja aliyekuwa ameshika suti ya harusi ya mwanawe akaiweka chini, asiikunje.

"Hapana," akasema mwishowe. "Jina mtu hupata jingine. Nyumba kama ile sitapata tena."

"Hujakosea," Dobi akasema.

"Sasa nitaitwaje? Mke wangu ananiita 'wewe.' Hata paka naye ni 'wewe.' Tunainuka wote."

Ni kweli kwamba mtu hawezi kukaa hivyo. Dobi hakuwa mtu wa kufurahia shida ya mwingine, na kutoa majina ndicho kilichokuwa kipaji chake. Akapuliza mvuke kwenye kola, na jina likamjia, kama yalivyozoea kumjia.

"Kibwiji," akasema.

Baba Mdogo akalionja mdomoni. "La nani hilo?"

"La kiumbe mmoja kule kwenye ulimwengu wetu."

"Mkubwa?"

"Wa mwanzo kabisa."

Hilo lilimridhisha. Dobi hakuona haja ya kumweleza kwamba Kibwiji hukaa chini ya uyoga akiiba vijiko, na kwamba ndiye kiumbe ambaye kila mchezaji mgeni hupewa wa kujifunzia. Alisema wa mwanzo, na wa mwanzo alikuwa. Msusi alipohadithiwa ilibidi aweke kitana chini, mteja wake akangoja na nusu ya nywele.

Mtaa ulilipokea jina jipya bila taabu. Mzee Kibwiji alisalimiwa vizuri, na hakuna aliyelisema huku akitazama nyuma. Watoto walilipenda. Mama Mdogo aliita, na aliyekuja kula alikuwa mumewe, na paka akabaki amelala. Dude nalo likapata kazi kwa Dereva, kubeba wagonjwa ngazini, ambako lilisifiwa kwa mikono yake ya baridi, hasa na wenye homa.

Mvua zilipoanza, Mama na binti zake walikuwa wamekaa vyumba vya uani, beseni chini ya bati, wanakunywa chai. Walikuwa wanacheka jambo fulani la Msusi. Kutoka baraza ya mbele sauti ikapazwa: kamba ya nguo inaziba njia ya gari, iondolewe sasa hivi.

Zamani kikombe kingeanguka.

"Subiri, shemeji Kibwiji," Mama akajibu, bila kupandisha sauti. "Nakunywa chai."

Akainywa yote, taratibu, mpaka sukari ya chini. Kisha akajitanda kanga kichwani, akatoka mvuani, akaihamisha kamba, kwa sababu uwanja ulikuwa bado wa shemeji yake.