Dakika Kumi za Kwenda na Kurudi

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, moshi wa mafiga ya kijiji cha Swima ulikuwa umelalia upande wa ziwa. Waridi aliuona alipokuwa anaingia mtumbwini, akaupuuza. Yeye ni mshonaji. Mambo ya upepo alimwachia mdogo wake Assani, aliyevua ndagaa miaka kumi na tisa kabla ya pikipiki kumvunja paja.

Assani alikuwa amelala miezi saba, mguu ukivutwa kwa jiwe. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini mwili ulikuwa umenywea, na mara mbili alipoinuka ghafula kitandani alianguka kama gunia. Muuguzi Florentine alieleza bila kupamba: moyo wa mtu aliyelala sana umezoea kazi ndogo, akiulazimisha, damu haifiki kichwani, anazimia. Asianze peke yake. Wiki ya kwanza, dakika kumi tu za kafi. Na akishindwa kumaliza sentensi bila pumzi kukatika, aache hapo hapo. Waridi alifundishwa kuhesabu mapigo ya mkononi, ndiyo maana aliketi katikati ya mtumbwi, amemwelekea Assani, na saa ya marehemu mume wake mkononi. Kuogelea hakujua.

"Sema," alimwambia.

"Niseme nini, Yaya?" Assani alimjibu dada yake. "Unanifanya kama mutoto wa école mbele ya mwalimu."

"Sema tu. Mke wako anapika nini leo?"

"Anapika majani ya sombe na samaki ya mikeke, na we hatutakuita, sababu unakulaka chakula ya bantu babili."

Sentensi nzima, na kicheko juu yake. Dakika ya kumi ilipofika, Waridi alisema muda umeisha.

"Hata sijachoka. Angalia vile mutumbwi inakimbia! Nimepona, Yaya."

Na kweli ulikimbia. Waridi alimwamini, kwa sababu miezi saba alikuwa anangoja kuyasikia maneno hayo. Dakika ya kumi na nane ndipo alipotazama vizuri nyuma ya bega la Assani. Wanawake waliokuwa wanaanika ndagaa ufukweni hawakuwa tena na vichwa wala mikono. Walikuwa nukta.

"Geuza."

Assani aligeuza, na upepo ukampiga usoni. Nyuma ya Assani sasa Waridi hakuona kitu ila maji mpaka mwisho wa macho. Akaelewa: si mikono ya Assani iliyowafikisha pale, ni upepo. Na dakika kumi za Florentine zilikuwa za kwenda na kurudi.

"Sema."

"Upepo... ya mulima."

"Sema yote."

"Iko... nguvu."

Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

"Acha kupiga, Assani."

"Nikiacha... inatubeba."

Alipiga mara tatu zaidi. Mara ya nne kafi lilikosa maji, kichwa kikaanguka kifuani, mwili ukaegemea ukingo na mtumbwi ukainama mpaka maji yakaingia. Waridi alimkamata shati kwa mikono miwili.

"Lala! Lala chini!"

Akamlaza kwenye maji ya ndani, miguu juu ya ubao, akashika mkono wake na kutazama saa. Kwa dakika moja alihesabu mapigo mia moja sabini na mawili. Katika dakika hiyo hiyo ufuko ulizidi kwenda mbali. Assani akipumzika, upepo unawachukua. Akipiga, anaanguka majini. Waridi alipima haraka: mtumbwi uliokwenda mbali unaweza kurudi. Mtu aliyezimia ndani ya maji, yeye hana njia ya kumtoa.

Akachukua kafi. Hakuwa amelishika tangu usichana. Kwenda mbele hakuweza. Aliweza tu kuielekeza pua ya mtumbwi nchi kavu ili upepo usiwabebe haraka. Alisoma Fatiha, akakosea katikati, akaanza upya.

"Assani, sema."

"Niko."

"Hiyo si sentensi."

"Yaya... unasumbua."

Baada ya dakika kumi na mbili mapigo yalishuka hadi mia moja kumi na nane. Ndipo alipomrudishia kafi: mara ishirini, si zaidi, kisha alale. Wakapokezana hivyo, ishirini na kulala, ishirini na kulala, na kila mara Waridi alitazama nukta za ufukweni, akaziona haziongezeki ukubwa. Maneno ya Assani aliyahesabu kama alivyohesabu mapigo.

Saa mbili kasoro robo aliinua macho. Moshi wa Swima ulikuwa umesimama wima. Akautazama mara ya pili: upepo ulikuwa umekufa. Kisha wanawake wa ndagaa wakaanza kuwa na vichwa.

Saa mbili na dakika thelathini na tano mtumbwi uligusa mchanga. Assani alitaka kuruka chini auvute, kama zamani. Waridi alimkandamiza bega.

"Kaa kwanza. Damu ipande."

Akakaa. Mapigo mia na sita.

"Sema."

Assani alitazama mafiga. "Yaya, asubui niliona moshi inalalia ziwa nikanyamaza, sababu nilijua ungesema turudi nyumbani."

Sentensi hiyo aliimaliza kwa pumzi moja.