Tone la Katikati

Apiyo alimwaga maji ya beseni nje ya mlango, akalirudisha chini ya tundu la bati, kisha akamwamsha bintiye Mitchell aende shule. Mitchell alimjibu kwa lugha ambayo haijawahi kusikika mtaani Kimbo wala Ruiru nzima. Apiyo akampa chai. Kiwandani Thika, alikofanya kazi, hawasubiri mtu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa katika ploti ile ya vyumba vya kupanga vya mabati tangu masika yaanze. Kila paa lilipovuja, waliolala upande huu wa tone na waliolala upande ule waliamka na lugha tofauti. Owino wa chumba cha pili na mkewe walikuwa wakigombana kwa lugha mbili, na hakuna aliyejua nani ameshinda. Ng'ambo ya barabara, nyumba ya vigae ya Gachau, mwenye ploti, haikuvuja hata kidogo. Humo kulizungumzwa Kiingereza tu, hata mbwa alifukuzwa kwa Kiingereza.

Apiyo alijaribu kumlaza mtoto kitandani kwake. Tone likahama, likaanguka katikati yao, beseni nalo likapanda kitandani. Kila usiku Mitchell alilia akirudia maneno yale yale, na mama mtu akabaki kumkodolea macho. Jambo hilo lilimuuma sana. Akaenda kumwomba Gachau aweke bati jipya.

"Mama Mitchell, si ungoje tu?" Gachau alisema. "Jua ikitoka mtaelewana."

Badala ya fundi akaja Njambi, mtafiti wa chuo kikuu, na kinasa sauti chake. Aliyarekodi maneno ya Mitchell huku akijifuta machozi. Alisema maneno hayo yana mdundo wa sala.

"Please, hiyo bati isiguswe," alimwambia Gachau. "Hii lugha iko na msemaji mmoja dunia nzima."

Gachau hakuona ugumu wowote.

Apiyo aliporudi kutoka kazini aliondoa beseni, akalala pale pale tone linapoangukia, amemkumbatia Mitchell, pasiwe na kitu katikati yao. Tone lilimpiga mgongoni mpaka kukapambazuka. Mtoto alipoanza maneno yake, Apiyo aliyaelewa yote.

"Mama, nimelowa. Mama, nasikia baridi."

Akavuka barabara nguo zikichuruzika, akamweleza Gachau neno kwa neno. Gachau alimsikiliza kwa heshima, hakuambulia kitu, akampigia Njambi simu. Njambi alifurahi mno kusikia kwamba wasemaji sasa ni wawili, akamsihi tena asiguse bati.

Gachau akamhakikishia kwamba hakuwa na mpango huo.