Koti la Kapteni

Mjukuu wangu tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu utotoni hajui kunyamaza. Alipokua akajiunga na chama cha wapenda ndege, wanaokwenda porini kila wikendi kuwatazama. Darubini alikuwa nayo, lakini ndege aliwajua kwa sauti. Tukiwa jikoni namenya viazi, mara anainua kidole: "Bibi, sikia huyo wa dirishani. Amegombana na mkewe." Nacheka mpaka kisu kinaniponyoka.

Sasa sikio lake la kushoto halisikii kitu, na aliyelizima namjua.

Kiongozi wao wanamwita Kapteni, ingawa hata mtumbwi hajawahi kuushika. Aliwapeleka kwenye nyasi ndefu wanakolisha ng'ombe, magoti wazi, maana sare yao ni kaptura. Haikupita muda Chiriku akashikwa na homa, kichwa kinampasuka, mimi ananiita mama. Kipimo cha malaria kikasema hana. Daktari akaniuliza, "Huko porini hakuumwa na kupe?" Nikampigia Kapteni simu palepale, daktari kasimama kando yangu.

"Kupe?" Akacheka. "Bibi, kupe ni wa ng'ombe. Kule kwetu ni safi kama sebuleni kwako."

Nikamfikishia daktari maneno hayo kama yalivyo. Wakaanza kutafuta ugonjwa mwingine, na mtoto anazidi kuzama. Muuguzi aliyekuwa akimgeuza ili abadili shuka ndiye aliyeona nyuma ya goti kidonda kidogo cheusi, kama mtu kazimia sigara pale. Daktari akasema ni alama ya kupe. Wakabadilisha dawa, homa ikashuka. Sikio halikurudi.

Alipoweza kukaa, Chiriku akanieleza. Siku ile, ndani ya gari, Kapteni alijitoa kupe pajani kwa kibano, taratibu, kisha akakirudisha kibano mfukoni na kumkonyeza. "Usiwatishe wenzio. Tukitangaza kupe, nani atakuja tena?"

Nilinyamaza. Mimi nikinyamaza, wanangu hutoka chumbani mmoja mmoja.

Mimi ni fundi cherehani, na sare zao nazishona mimi. Basi Kapteni, uso mkavu, akaja na kitambaa cha kaki. Alitaka koti la kuvaa siku ya kupokea wanachama wapya.

"Bibi, hakuna mkono kama wako. Chiriku anaendeleaje?"

"Anaendelea, baba. Nyanyua mkono nikupime kwapa."

Kwanza nilitaka kumshonea kupe wenyewe ndani ya koti. Jirani ana ng'ombe. Nikawachuma masikioni mwa ng'ombe wake, nikawatia kwenye chupa ya jamu, nikaiweka juu ya meza ya cherehani na kuwatazama wakipanda kioo. Chiriku akaingia kuchukua mkasi. Alipoiona ile chupa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Nikawamwagia maji ya moto. Kapteni sikumwonea huruma hata chembe. Sikutaka tu mjukuu wangu alale nyumba moja na wadudu wale.

Lakini nyuma ya ua kuna mnyonyo. Umewahi kuzitazama mbegu zake? Mgongo wa mviringo, madoadoa, kichwa kidogo kimechomoza mbele: kupe aliyeshiba hasa. Nikachagua zile ndogo, nikazipanga ndani ya ukosi, nikaufunga kwa bandi, mishono mirefu ya muda, ya uzi uliochakaa, ambao ungekatika mtu akiinua mikono kushika darubini. Kwingine kote nilishona kwa makini. Hata matundu ya vifungo niliyarudia mara mbili.

Siku yenyewe nililipeleka kwa mkono wangu, Chiriku yuko nami. Wageni walikuwa wamesimama ukingoni mwa nyasi zilezile, kaptura mpya. Mama mmoja, kamshika bintiye mkono, akauliza, "Na wadudu je? Kupe hakuna?"

Kapteni akavaa koti, akajinyoosha. "Mama, kupe ni wa ng'ombe. Hebu tazameni juu ya mti ule!" Akainua darubini.

Uzi ukakatika. Mbegu zikamporomokea shingoni, nyingine zikaingia kifuani. Akazishika, akafungua kiganja.

"Kupe! Mama yangu, kupe!" Koti likaruka, shati likafuata. "Msiwaminye! Kibano kiko mfukoni! Wang'oeni karibu na ngozi! Nipelekeni hospitali, mwambieni daktari nilikuwa kwenye nyasi hizi, anipe dawa mapema!"

Nikaokota mbegu moja, nikamwonyesha. "Nyonyo hii, baba. Haing'ati."

"Bibi! Unanifanyia hivi mbele za watu?"

"Kumbe yote unayajua. Nilipokuuliza kwenye simu, mtoto anakufa, ulimi wako ulikuwa wapi?"

Yule mama alikuwa ameinama, anampangusa bintiye miguu kwa mtandio, akipekua hadi nyuma ya magoti. Kisha akamvuta kuelekea kwenye magari. Wengine nao wakafuata, wanakanyaga kwa ncha za vidole.

Kapteni, kifua wazi, akamgeukia mjukuu wangu. "Chiriku, waite warudi. Waambie ni utani tu. Wewe labda hukusikia vizuri nilivyosema..."

Chiriku akamgeuzia sikio la kulia. "Nimesikia, Kapteni. Hili moja limetosha."

Mtenda akitendewa hujiona kaonewa. Machozi yalimlengalenga. Nikaliokota koti, nikalikung'uta, nikamvika mabegani. Lilimkaa sawasawa.